Nuru ya Macho Isiwe Bidhaa ya Msimu

Palikuwa na mkutano wa hadhara hapa Mbesa, Mkoani Ruvuma, baada ya msimu wa korosho, nami nikapewa nafasi ya kusema machache juu ya maendeleo ya sayansi duniani. Kada wa Chama hapungukiwi na maneno akipewa kipaza sauti. Niliwaeleza wananchi kwamba wataalamu wa Marekani na Hispania wamefikia hatua ya kutia vidude vya umeme ndani ya ubongo wa mtu asiyeona, na mtu huyo akaona. Makofi yalipigwa, nami nikaketi nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Siku chache baadaye nilipita nyumbani kwa mzee mmoja, mkulima wa korosho, ambaye macho yake yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mzee huyo alikuwa msomaji mzuri wa msahafu. Siku hizi huufungua mapajani kwa mazoea tu, akisoma yale aliyoyahifadhi tangu chuoni. Jina lake lilikuwa limekwisha andikwa katika orodha ya watu watakaopasuliwa pindi madaktari wa macho watakapofika wilayani. Nilipomwuliza habari za safari yake, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, nimesema wanifute. Nitangoja ile ya umeme uliyotuambia. Kwa nini nipasuliwe kwa kisu cha zamani, na kipya kinakuja?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nililosema mkutanoni lilikuwa kweli, lakini lilikuwa nusu ya kweli, na nusu hiyo ilikuwa inamwongezea mzee wa watu miaka ya giza bila sababu. Makala haya ni juhudi ya kulipa deni hilo. Nayaandika kwa wananchi wenzangu wa Visiwani, nilikozaliwa na kusomea chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali, na kwa viongozi wa Serikali zetu mbili, ambao siku moja isiyo mbali wataletewa mezani mkataba wa vyombo vya namna hii na kutakiwa kutia sahihi.

Kwanza yafaa tuelewe jambo lenyewe lilivyo. Kuona si kazi ya jicho peke yake. Miaka 1000 hivi iliyopita, Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra, alifundisha kwamba twaona kwa sababu nuru yatoka katika vitu na kuingia machoni mwetu. Sayansi ya leo imeendeleza elimu hiyo. Nuru hupita katika lenzi ya jicho, huangukia utando wa nyuma uitwao retina, na hapo hugeuzwa kuwa ishara za umeme. Ishara hizo husafiri kwa mshipa wa fahamu hadi sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, na huko ndiko mtu anakoona hasa. Kwa hiyo mtu aliyeharibikiwa macho kabisa aweza kuwa bado na ubongo ulio mzima, unaongoja habari zisizofika kwa sababu njia imekatika.

Wanasayansi wakauliza: je, haiwezekani kuipita hiyo njia iliyokatika? Mtu avishwe miwani yenye kamera. Kamera ipeleke picha kwenye kompyuta ndogo. Kompyuta igeuze picha kuwa ishara za umeme. Na ishara hizo zipelekwe moja kwa moja kwenye ubongo kwa ncha ndogo za madini ziitwazo elektrodi. Hiyo ndiyo maana ya kuunganisha ubongo na kompyuta kwa ajili ya kuona.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1968 nchini Uingereza, Giles Brindley na Walpole Lewin walitangaza kwamba wameweka elektrodi 80 juu ya ubongo wa mwanamke asiyeona, mwenye umri wa miaka 52, naye akaona nukta za mwanga kila walipopitisha umeme. Huko Marekani, William Dobelle aliifuatilia kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 2021 wataalamu wa Hispania walichapisha habari za mwanamke aliyekuwa hana nuru kwa miaka 16, ambaye kwa muda wa miezi 6 alikaa na elektrodi 96 ndani ya ubongo, akaweza kutambua baadhi ya herufi na kingo za vitu. Mwaka 2022 mjini Chicago mtu mwingine aliwekewa elektrodi 400 zinazofanya kazi bila waya kupenya ngozi. Mwezi Septemba 2024, kampuni ya Neuralink ya Marekani ilisema kwamba chombo chake cha namna hiyo kimepewa hadhi ya kuharakishwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo. Hadhi hiyo, yafaa ieleweke, si kibali cha kuuza.

Hizi ni kazi za kuheshimiwa. Wala siandiki ili kuzibeza, maana kudharau elimu ni ujinga, na ujinga ni mmoja wa maadui watatu tuliotangaziana nao vita tangu Uhuru. Lakini mwananchi ana haki ya kuambiwa watu hao waliona nini. Hawakuona nyuso za wajukuu wao. Waliona vinukta vya mwanga gizani, kama anavyoona mtu aliyesugua macho yake usiku. Na kwa vinukta hivyo, baada ya mazoezi marefu, waliweza kutambua umbo la mlango, mstari, au herufi kubwa. Kwa mtu aliyekuwa gizani kabisa hilo ni jambo kubwa. Kwa mtu aliyeahidiwa kusoma msahafu, ni kidogo mno.

Tena chombo hicho hakikukusudiwa ugonjwa wa mzee wetu wa Mbesa. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyoingia ukungu. Nyuma ya ukungu huo retina aghalabu ni nzima, mshipa ni mzima, na ubongo ni mzima. Daktari huiondoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya plastiki, kwa kazi isiyofika saa moja, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake. Chombo cha ubongoni ni kwa yule ambaye jicho lenyewe au mshipa wake umekufa: aliyeumia vibaya, au ambaye presha ya macho imemla mshipa hadi mwisho. Na hata katika hao, aliyezaliwa haoni ni vigumu zaidi kusaidiwa, kwa kuwa ubongo wake haukupata kujifunza kuona.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2019, lilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 ulimwenguni wana upungufu wa kuona, na kwamba kati yao wasiopungua bilioni 1 wangeweza kukingwa wasiupate, au bado hawajapata msaada ambao tayari upo. Bilioni hiyo ya watu inangoja lenzi ya plastiki, miwani, dawa, maji ya kunawa uso, na gari la kuwafikisha kwa daktari. Na hakuna hata kimoja katika hivyo kinachongoja uvumbuzi mpya.

Hata hivyo, sitaki msomaji afikiri kwamba hoja yangu ni hiyo peke yake, yaani nchi maskini ianze na mambo madogo na mambo makubwa iwaachie wenye nacho. Liko jambo zito zaidi, na ndilo linalonifanya niwaelekee viongozi. Ni swali la nani anaimiliki nuru ya mtu baada ya kumrudishia.

Ilikuwako huko Marekani kampuni iitwayo Second Sight. Ilitengeneza chombo kilichoitwa Argus II, ambacho kiliwekwa juu ya retina, si ubongoni, kikiwa na elektrodi 60. Kiliruhusiwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013. Bei yake ilikuwa kiasi cha dola 150,000, mbali na gharama za kupasuliwa, na zaidi ya watu 350 duniani walikitumia. Tangu mwaka 2018 kampuni hiyo hiyo ilianza pia kujaribu chombo cha ubongoni kwa watu 6 waliojitolea. Kisha hesabu zikaenda kombo. Mwaka 2019 iliacha kutengeneza Argus II, na mwaka 2020 ikawaachisha kazi wengi wa watumishi wake, ikakaribia kufa kabisa.

Ndugu msomaji, fikiri hali ya wale waliokuwa na chombo hicho ndani ya macho yao. Jarida moja la wahandisi lilichapisha habari zao mwaka 2022. Mmoja wao alikuwa akipita katika stesheni ya treni ya chini ya ardhi mjini New York wakati wa msongamano, chombo kikalia, kikanyamaza, na giza likamrudia papo hapo. Wengine walikaa na hofu ya siku betri au miwani itakapoharibika, maana kipuri hakipatikani tena. Mwingine alihitaji kupigwa picha ya kichwa hospitalini, na hakupata mtu katika kampuni wa kumjibu kama chombo kilicho jichoni mwake kitamdhuru ndani ya mashine hiyo. Hawakukosa kitu watu hao. Macho yao hayakuzidi kuugua. Kilichougua ni mizania ya kampuni.

Wala halikuwa tukio la pekee. Dobelle niliyemtaja alifungua huduma nchini Ureno mwaka 2002, na watu wakalipa fedha nyingi kuwekewa elektrodi ubongoni. Alifariki mwaka 2004, na kazi ikasimama pamoja naye. Kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza chombo cha retina kiitwacho PRIMA nayo ilishindwa kifedha, mali yake ikanunuliwa na Wamarekani mwaka 2024. Chombo hicho chenyewe ni kizuri: matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba kati ya wazee 32 waliopimwa baada ya mwaka mmoja, 26 waliweza kusoma vizuri zaidi kuliko awali. Hapo waliokuwa nacho walibahatika, kwa kuwa mnunuzi alipatikana. Lakini je, nuru ya mwanadamu itegemee bahati ya sokoni?

Watu wa Visiwani hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mvuvi wa Kojani au wa Mkokotoni anajua kwamba mashine ya boti si chuma peke yake. Mashine ni fundi wake, ni kipuri chake, ni mafuta yake, na ni dalali wa Unguja au wa Dar es Salaam aliye tayari kuleta kitu kilichovunjika. Boti ngapi zimelala ufukweni, mbao zake nzima, nanga yake nzima, kwa kukosa kifaa kimoja kinachotoshea katika kiganja? Mkaaji wa kisiwani amejifunza kwa taabu kwamba chombo kisicho na fundi upande huu wa bahari ni mzigo. Basi boti ikikosa kipuri mvuvi hurudi kwenye tanga. Mtu akikosa kipuri cha kilichomo ubongoni mwake, arudi wapi?

Watakaosema kwamba hii ndiyo hali ya dunia, na kwamba dawa na vyombo haviwezi kutolewa kwa utaratibu mwingine, nawakaribisha Ruvuma. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye maeneo ya usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Vijidudu vyake huwasha ngozi hadi mtu akose usingizi, na vikiingia machoni humpofusha pole pole. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza kwamba dawa yake ya Mectizan itatolewa bure kwa ugonjwa huo, kwa kiasi kitakachohitajika na kwa muda wowote utakaohitajika. Dawa hiyo haiui minyoo mikubwa iliyomo mwilini, bali huua watoto wake; na kwa kuwa minyoo mikubwa huishi miaka 10 na zaidi, watu hawana budi kuimeza mwaka hadi mwaka. Ahadi ya miaka miwili au mitatu isingefaa kitu.

Sisemi kwamba kampuni hiyo imekuwa malaika. Nasema kwamba ahadi ilitolewa hadharani, haikuwekewa kikomo, na haikuachwa mikononi mwa kampuni peke yake. Serikali ziliingia, mashirika ya kimataifa yaliingia, na zaidi ya wote vijiji viliingia. Wananchi walichagua wagawa dawa kutoka miongoni mwao, wakafundishwa kupima dozi kwa fimbo ya kimo, wakaandika majina katika daftari la kijiji. Mgawa dawa akihama, kijiji huchagua mwingine. Utaratibu haufi kwa kuwa mtu mmoja amekufa au ofisi moja imefungwa. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Niger imeutokomeza usubi, ikiwa nchi ya kwanza Afrika kufikia hapo. Huo ndio ushahidi wa mambo mawili yakikutana: ahadi isiyo na kikomo, na wananchi wenye utaratibu ulio mikononi mwao.

Wala asije mtu akasema kwamba vyombo vya umeme vya mwilini ni vya wenzetu tu. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwawekea watoto viziwi chombo kinachopeleka ishara za umeme kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, huduma ambayo kabla ya hapo watoto wetu walipelekwa nje, hasa India, kwa gharama kubwa. Chombo hicho ni ndugu wa karibu wa hicho cha kuonea, na madaktari wetu wamekiweza. Mzazi wa mtoto mwenye chombo hicho atakuambia kwamba siku ya kupasuliwa ilikuwa mwanzo tu. Baada yake huja kurekebishwa kwa chombo mara kwa mara, betri, sehemu ya nje inayochakaa, na mafunzo marefu ya kusikia na kusema. Tumekwisha jifunza, kwa watoto wetu wenyewe, kwamba kazi kubwa iko baada ya kisu.

Basi kutokana na hayo, nina mapendekezo manne.

La kwanza, yanayotibika yatibiwe. Afya si jambo la Muungano, na kila Serikali ina wizara yake. Lakini mtoto wa jicho hajui mpaka wa Chumbe. Bara ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Zanzibar ina mfuko wake wa huduma za afya. Katika taratibu zote mbili, kupasuliwa mtoto wa jicho na kupata miwani kuhesabiwe kuwa haki ya msingi isiyopunguzwa fedha zinapokuwa haba. Miwani ya kusomea isidharauliwe kwa kuwa ni ya bei ndogo. Utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba watu wazima waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza kipato chao kwa theluthi moja. Mwanamke wa Unguja anayeshona kofia ya viua, ambaye akifika miaka 45 huiweka sindano chini kwa kuwa haoni tundu lake, amepoteza kazi yake kwa kukosa kitu ambacho duka lolote lingeweza kuuza. Nami niliyevuka arobaini nimeandika makala haya kwa miwani ya namna hiyo hiyo.

La pili, chombo chochote cha kuwekwa jichoni au ubongoni kisijaribiwe wala kuuzwa hapa kwetu bila mkataba unaodumu muda wa maisha ya mgonjwa. Mkataba huo uitake kampuni kuweka akiba ya fedha ya matengenezo mahali ambapo wadai wake hawatafika. Utake michoro na programu za chombo zikabidhiwe kwa taasisi ya umma kampuni ikifungwa. Na useme wazi nani atakitoa chombo, na kwa gharama ya nani, mgonjwa akitaka kitolewe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa upande wa Bara, na Wakala wa Chakula na Dawa kwa upande wa Zanzibar, zikae pamoja na taasisi zetu za utafiti wa afya ziandike masharti hayo sasa, kabla mgeni mwenye mkoba mzuri hajabisha hodi. Anayeandika masharti mgeni akiwa sebuleni huandika kwa haya.

La tatu, habari za ubongo wa mtu ni mali ya mtu mwenyewe. Kompyuta inayosema na ubongo huandika kumbukumbu. Nani azitunze? Nani azisome? Nchi ya Chile iliirekebisha katiba yake mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo wa raia, na UNESCO ilipitisha mapendekezo ya kimataifa juu ya elimu hii mwezi Novemba 2025. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Yafaa kanuni zake ziutaje ubongo kwa jina, isije ikasemwa baadaye kwamba sheria ilinyamaza.

La nne, wasioona wenyewe wawe mezani tangu siku ya kwanza. Chama cha Wasioona Tanzania na jumuiya ya wenzao wa Zanzibar si watu wa kualikwa siku ya kukata utepe. Mara nyingi sisi wenye macho tunazungumza kana kwamba asiyeona yuko katika chumba cha kungojea, na maisha yake yataanza siku atakapopata nuru. Hilo ni kosa la heshima. Abdullahi bin Ummi Maktum hakuwa akiona, naye alikuwa mwadhini wa Madina, tena aliachiwa mji huo kuuangalia Mtume alipotoka safarini. Hapa kwetu shule ya Buigiri, Dodoma, imefundisha watoto wasioona tangu miaka ya 1950, na wengi waliopita katika shule za namna hiyo wamekuwa walimu, wanasheria na viongozi. Wamesoma kwa nukta nundu za Louis Braille, ambazo ni sita tu, za mwaka 1829, na ambazo hakuna kampuni iwezayo kuzizima. Fedha za chombo kimoja cha dola 150,000 zingechapa vitabu vingapi vya nukta nundu? Swali hilo lijibiwe na wenye haki ya kulijibu.

Najua yuko atakayesema kwamba masharti mengi yatawafukuza wavumbuzi. Jibu langu ni kwamba mvumbuzi anayekusudia kukaa na mgonjwa wake hafukuzwi na sharti la kukaa naye. Anayefukuzwa ni yule aliyekusudia kuondoka. Siasa yetu ya kujitegemea haikutufundisha kukataa elimu ya wengine. Ilitufundisha tuipokee elimu hiyo tukiwa tumesimama, tukijua tutakachofanya nayo mwenye nayo akienda zake.

Namalizia kwa mzee wangu wa Mbesa. Nilirudi kwake nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa maneno machache zaidi, nikamwomba radhi kwa nusu ya kweli niliyomtangazia hadharani. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama jina lililofutwa laweza kuandikwa tena. Liliandikwa. Madaktari walipofika, alipasuliwa jicho la kulia. Nilipomtembelea alikuwa ameketi barazani, mbali na kivuli, msahafu ukiwa mapajani, amevaa miwani ya kusomea, akisogeza kidole mstari kwa mstari. Hakuwa akisoma kwa moyo tena.

Akainua uso akanitazama vizuri, kisha akacheka. "Kumbe umezeeka, mwanangu," akasema. Halafu akauliza: "Na ile ya umeme?" Nikamjibu kwamba ile bado inafanyiwa kazi, na kwamba wako watu wanaoihitaji kweli, ambao kisu hiki cha zamani hakiwezi kuwafaa kitu. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi waambieni hao wakubwa wasiwape kwa kuazima."